Mume Wangu, Mwalimu wa Ukimya

Mliniacha wiki jana nimesimama katikati ya ukumbi wa chakula, trei mkononi, supu ya matango ya baridi ikicheza kwenye bakuli. Mbele yangu alikuwa amekaa mtu aliyejifunga shuka jeupe, mtu wanayemwita Mwalimu wa Ukimya. Wageni walikuwa wamemwinamia kama miche iliyokosa maji. Nami nikamtazama usoni, nikamjua.

Alikuwa mume wangu.

Kwa aliyekosa gazeti, habari kwa ufupi ni hii. Mume wangu ni fundi wa friji, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mama yake, hata mimi. Mwaka juzi alibeba sanduku lake la vifaa akasema amepata kazi ya mafriji ya melini, na kwamba atapiga simu wakifika bandari ya kwanza. Nadhani bandari hiyo bado inajengwa. Nikabaki na mama yake, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, na kazi yangu ya kupika kwenye shule moja. Shule ikafungwa. Ndipo nikapata uhudumu katika hoteli hii ya mapumziko ya kifahari, ambako watu walioshiba huja kutoka mbali ili wanyimwe chakula kwa heshima.

Haya, tuendelee pale pale kwenye supu.

"Fundi," nikasema.

Sikupiga kelele. Nilisema taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Yeye akafumba macho. Msidhani ni kwa aibu. Aliyafumba kwa utakatifu, akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikajaa, na meza nzima ikavuta pamoja naye.

"Umesema nini?" Madamu akaniuliza. Madamu ndiye mwenye hoteli, mjane mwenye shingo ndefu na sauti ya chini, ya chini hasa, mpaka akikufokea inabidi uiname ili ufaidi.

"Nimesema fungu, Madamu. Fungu la pili la supu liko njiani."

"Mwalimu haongeleshwi. Tangu afike hapa hajatamka neno. Ukimsemesha unamchafulia hewa."

Nikainamisha kichwa, nikaweka supu. Ndani yangu sijui kama nilikuwa nacheka au nazimia. Fundi asiyetamka neno? Fundi ambaye kinyozi alikuwa akimwomba anyamaze asije akakatwa sikio? Fundi aliyekuwa akilisemesha friji bovu, akaliuliza linaumwa wapi, akajibu yeye mwenyewe kwa niaba ya friji? Mtu huyo alikuwa akiongea hata usingizini, tena kwa sentensi zilizokamilika.

Nikarudi jikoni na trei tupu.

"Wamesemaje kuhusu supu?" Mpishi Mkuu akauliza. Huyu bwana huweka vipande vitatu vya samaki kwenye sahani pana kama beseni, halafu anazungushia povu la limau, na ukimtazama vibaya analia.

"Wamepumua," nikamjibu.

"Wote?"

"Wote."

Akafurahi sana.

* * *

Nilikimbilia chumba cha kufulia, kwa dobi. Ndiye rafiki yangu pekee pale, mama wa makamo mwenye mikono ya kunyonga shuka na ulimi wa kufanana nayo. Nilimkuta akikunja mashuka meupe. Nikamweleza.

Hakuacha kukunja. "Una hakika ni yeye?"

"Mtu niliyelala naye kitanda kimoja, nimsahau kwa sababu amevaa shuka?"

"Wanaume wakivaa vizuri hubadilika."

"Huyu hakubadilika. Amenenepa."

Dobi akanyanyua shuka moja juu kwenye mwanga. "Haya ni yake. Huwa nayafua mwenyewe, Madamu hataki yachanganywe na ya watu wa kawaida. Nami nakwambia, ndugu yangu, utakatifu una madoa kama yetu sisi." Akalikunja. "Kaa chini, maana kuna lililobaki."

Nikakaa juu ya kapu la taulo.

"Jumamosi kuna hafla. Wanaiita Kuunganisha Pumzi. Mwalimu na Madamu watakaa uso kwa uso mbele ya wageni, watapumua pamoja, watavishana mashada ya maua, kisha Madamu atahamia chumbani kwa Mwalimu."

"Kwetu hiyo inaitwa ndoa."

"Hata kwetu. Lakini hapa kila kitu kimepewa jina jipya. Njaa inaitwa kusafisha mwili. Kulala mchana kunaitwa tiba. Na mume wa mtu anaitwa Mwalimu."

Sitawaficha, wasomaji wangu. Sikulia. Machozi yote niliyamaliza mwaka juzi, nikimlilia mtu niliyedhani kamezwa na bahari, kumbe alikuwa upande wa pili wa kilima anapakwa mafuta ya maua mgongoni. Nililinusa lile shuka. Mume wangu alikuwa akinukia gesi na waya ulioungua. Hili lilinukia duka.

"Nenda kwa Madamu ukaseme," dobi akanishauri.

"Nikaseme mtakatifu wako ni mume wangu? Nani ataaminiwa, mimi au shuka?"

Dobi akafikiri. "Shuka," akakubali.

"Tena kwanza sijui kama namtaka. Ila mama yake kila asubuhi ananiuliza, Fundi amesemaje? Kila asubuhi. Nimechoka kumwambia mtandao ni mbaya. Huyo mwanaume atazungumza na mama yake, hata kama ni neno moja. Baada ya hapo aunganishe pumzi na amtakaye."

* * *

Kesho yake nilipangiwa kugawa maji na taulo kwenye darasa la yoga.

Mnajua yoga inavyofanyika pale? Kuna jukwaa la mbao juu ya bustani, mikeka imepangwa, na Mwalimu anasimama mbele bila kusema lolote. Anachofanya yeye, wanafanya wote. Akijikuna, wanajikuna. Nilimwona kwa macho yangu bwana mmoja mwenye viwanda akijikuna kwa makini kabisa, akitafuta maana.

Asubuhi ile Mwalimu alisimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili kaukunja gotini, mikono kaiinua juu, viganja vimekutana. Hilo ni pozi la mti. Na wote nyuma yake wakawa msitu: mwenye viwanda, bibi mmoja wa benki, mabwana harusi na mabibi harusi, na hakimu mstaafu aliyekuwa akitetemeka goti kama mshtakiwa.

Nikamsogelea na taulo. Nikajifanya namfuta jasho shingoni.

"Mama yako haoni tena," nikamnong'oneza. "Anataka kusikia sauti yako."

Mti ukaanguka.

Sisemi uliyumba. Uling'oka. Mwalimu alikwenda chini chali, miguu juu, shuka likamfunika uso. Nikafikiri, haya, leo ndio mwisho wa utakatifu.

Mwenye viwanda akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha taratibu, kwa heshima zote, akajiangusha chali, miguu juu. Bibi wa benki akafuata. Msitu mzima ukalala. Hakimu mstaafu akaanza kulia kwa kwikwi.

"Nimeelewa," akasema akiwa pale chini. "Maisha yangu yote nimeng'ang'ania kusimama."

Wakamwambia Madamu kwamba hawajawahi kupata somo zito kama lile.

Madamu akaniita ofisini. Ofisi yake haina viti, ina mito, kwa hiyo hata ukiitwa kufukuzwa unafukuzwa umejilaza. Nikajilaza.

"Kuna jambo kati yako na Mwalimu," akasema.

Nikaona, Mungu si Athumani, kumbe mama huyu ana macho.

"Unampenda," akaendelea. "Usiogope, sikulaumu. Wanawake wote wanaofika hapa wanampenda. Lakini mapenzi yako ni mazito, yamemwangusha. Tamaa ya namna hiyo haikimbiwi. Inakabiliwa."

"Inakabiliwaje, Madamu?"

"Jumamosi wewe ndiye utakayebeba mashada. Utampa yeye moja anivishe, na mimi moja nimvishe. Ukimaliza utajisikia mwepesi."

Hivyo ndivyo nilivyopewa heshima ya kumwozesha mume wangu. Wengine wanaletewa mke mwenza usiku usiku wasijue. Mimi niliteuliwa kwenye kamati.

* * *

Mchana huo Mpishi Mkuu akanituma siagi kwenye chumba cha baridi. Ni chumba kikubwa nyuma ya jiko, mlango mzito kama wa benki. Nikaingia, nikauegemea mlango ukajifunga, nikawasha taa.

Mwalimu wa Ukimya alikuwa ameketi juu ya kreti la saladi, anatafuna paja la kuku.

Mkumbuke kwamba wageni wanaamini mtu huyu anaishi kwa mwanga wa jua na maji ya uvuguvugu.

Alinitazama. Akameza. Halafu bomba la maneno likapasuka.

"Kabla hujasema chochote nisikilize, maana nakujua, utaanza katikati na mambo haya yanataka yaanzwe mwanzo. Meli ilikuwepo, wallahi meli ilikuwepo, mimi sikukudanganya, ila iliondoka bila mimi. Nilikuwa namuaga nahodha wa meli nyingine, mtu mzuri sana, ana friji lina tatizo la—"

"Uliikosa meli kwa sababu ulikuwa unaongea."

"Nilikuwa namweleza tatizo. Nikaona aibu kurudi. Utarudije siku ile ile uliyoagwa na mtaa mzima, watu wamekuchangia mpaka soksi? Nikasikia huku chumba cha baridi kimekufa, nikaja. Hiki hiki. Nikakitengeneza. Sasa siku ya pili jino likanivimba, hili la nyuma, taya likawa kama mpira, kinywa hakifunguki hata kwa kijiko. Nimekaa pale nje nasubiri dawa, akaja Madamu. Mumewe ndiyo kwanza amefariki. Akakaa karibu yangu akaanza kusema. Akasema asubuhi mpaka jua linazama. Mimi natikisa kichwa tu, ningefanya nini? Mwisho akanishika mkono akasema, hakuna mwanaume aliyewahi kunisikiliza hivi."

"Ungemwambia ni jino."

"Kinywa hakifunguki, nimekwambia."

"Na uvimbe ulipopona?"

Akatazama kuku. "Ulipopona nilikuwa nimeshapewa chumba. Kinatazama maji."

"Na simu?"

"Nilikuwa nasema nitapiga kesho. Kesho ikawa inajisogeza."

Baridi ilikuwa inanipanda miguuni. Kompresa ilikuwa inanguruma vizuri, kazi yake mwenyewe, siwezi kumnyima sifa. Nikamuuliza swali ambalo sikukusudia kumuuliza.

"Unampenda?"

Hapo akanyamaza, si kwa kazi, akanyamaza kweli.

"Ananiona nina hekima," akasema baadaye. "Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuniona nikipumua. Wewe nyumbani kila siku ulikuwa unaniambia, Fundi, nyamaza kidogo."

Lilinichoma hilo, sitasema uongo. Kwa sababu nilikuwa nikisema kweli. Nilikuwa nikisema huku nimechoka, naosha vyombo, naye yuko nyuma yangu anasimulia habari za valvu. Ila sikujua kama mtu anaweza kuambiwa nyamaza kidogo, akaenda kunyamaza kikazi.

"Sikiliza," akanong'ona, akanisogelea, akarudi kuwa yule yule wa kupanga mipango. "Tufanye hivi. Sema wewe ni dada yangu. Madamu atakupandisha cheo, utatoka kwenye trei. Mama tutamleta hapa hapa, atapakwa udongo, atakandwa, atapata chumba chenye feni. Wote tutakuwa pamoja."

"Na mimi nikiwa dada yako, watoto wa Madamu wataniitaje, shangazi?"

"Hana watoto."

"Basi nimepona."

Nikatoa simu yangu kifuani. Wahudumu haturuhusiwi simu, inasumbua hewa. Nikampigia mama mkwe. Jirani yetu, mke wa dereva wa gari la maji, ndiye anayeshinda naye na kumbonyezea. Ikalia, ikapokelewa.

"Mkwe wangu," mama akasema, "mbona mchana? Wamekufukuza?"

"Bado, mama. Niko hapa hapa hotelini. Kuna mtu anataka kukusalimia."

Nikamwekea Fundi simu sikioni. Akafungua kinywa.

Halikutoka kitu.

Huyo ndiye mtu aliyeachwa na meli kwa wingi wa maneno. Midomo inacheza, koo linapanda na kushuka, macho yamejaa, na hakuna hata herufi. Nami nikamshikia simu kama ninayemnywesha mtoto dawa, nikimwambia kwa macho, sema, sema tu shikamoo.

Upande wa pili mama alikuwa akisikiliza. Kisha nikamsikia.

"Fundi?"

Kompresa ikanguruma.

"Unapumua kama ulivyokuwa ukipumua ukiwa na homa, mwanangu. Ni wewe. Sema basi. Sema lolote, hata la uongo."

Mpini wa mlango ukageuka. Fundi akaninyang'anya simu, akaikata, akaitumbukiza kwenye saladi. Mpishi Mkuu akaingia na kisu mkononi, amechoka kusubiri siagi. Akatuona. Akauona ule mfupa wa kuku.

Fundi akafumba macho. Akaunyanyua mfupa juu, polepole, akamchorea nao Mpishi Mkuu duara hewani.

Mpishi Mkuu akapiga magoti.

* * *

Jumamosi ikafika kama wageni wasioalikwa, yaani mapema.

Kandokando ya bwawa kubwa walitandika mikeka kwa mviringo. Wageni wote walivaa mashuka meupe, na nyuso walikuwa wamepakwa udongo wa kijivu wa spa, kwa sababu siku hiyo, Madamu alisema, hakuna mtu mwenye uso, sote ni pumzi moja. Ilikuwa kama mkutano wa vinyago. Mwalimu alikaa miongoni mwao, udongo mpaka masikioni. Madamu alikaa mbele yake. Mimi nilisimama pembeni na mashada mawili mkononi, sare yangu imepigwa pasi na dobi kwa hasira mpaka imekauka kama karatasi.

Wakapiga bakuli la shaba. Likalia mlio mrefu. Wakaanza kupumua.

Sasa hoteli ile ina mabwawa makubwa, chemchemi, na mabafu ya maua. Wageni huambiwa maji yanatoka mlimani. Maji yanatoka kwenye gari la mume wa jirani yangu. Huingia kwa geti la nyuma, karibu na jiko, na mlinzi hana habari nalo, hulifungulia tu.

Bakuli la pili lilipolia, nikasikia breki za gari la maji. Halafu mlango wa gari. Halafu jirani yangu akatokea kwenye njia ya mawe, amemshika mkono mama mkwe wangu, naye amevaa nguo yake ya kutokea na viatu ambavyo nilijua vinambana.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akauliza.

Wageni wakatabasamu. Walidhani ni sehemu ya hafla.

Madamu akageuza shingo. "Nani huyu?"

"Sema kwa sauti, mama," mama mkwe akamjibu. "Mimi sioni. Usininyime na kusikia."

Hakimu mstaafu akatikisa kichwa kwa kukubali, kama aliyesomewa aya.

"Mimi ni mama yake Fundi," akaendelea. "Nimemsikia kwenye simu akipumua. Nimekuja kumchukua, au kumwacha, lakini lazima nimguse kwanza."

Nilimtazama Madamu nikidhani atawaita walinzi. Hakuita. Wageni walikuwa wameshamfungulia mama nafasi. Akaingia kwenye ule mviringo, jirani akamwachia mkono, akaanza kwa aliyekuwa karibu. Anaweka viganja usoni, anapapasa, anasogea. Wao wenyewe wakawa wanamletea nyuso zao kama wanaopokea baraka. Mwenye viwanda akambusu vidole, akabaki na udongo wake mwenyewe mdomoni.

"Huyu ana ndevu. Siye. Huyu mwanamke. Samahani, mwanangu. Huyu ana huzuni. Siye."

Hatua kwa hatua akamkaribia. Mashada yalikuwa yananitoka jasho mikononi, au ni mimi. Fundi alifumbua macho. Alimwona mama yake akija, anapapasa hewa kwa mikono ile ile, viatu vinamuumiza, na nikasema moyoni, sasa. Neno moja. Wala si lazima liwe zuri.

Mama akafika kwake. Akaweka viganja vyake juu ya paji la uso. Akashuka kwenye nyusi, mashavuni, akalifuata taya mpaka kwenye kidevu. Vidole vikasimama juu ya midomo yake, vikasubiri.

Nami nilijua kwamba amemjua. Mabega yake yalishuka.

Akasubiri. Madamu naye akasubiri, vidole vyake vimekamata shuka. Fundi akamtazama mama yake, akamtazama Madamu, akanitazama mimi.

Hakusema.

Mama akaondoa mikono. Akaifuta udongo kwenye nguo yake ya kutokea, mkono huu, halafu mkono huu.

"Siye," akasema. "Mwanangu ni msemaji. Mwanangu angenisalimia."

Kisha akageuka, akanyoosha mkono hewani. "Mkwe wangu, uko wapi? Nishike twende nyumbani. Tumekosea nyumba."

Mashada niliyavisha kwenye kichwa kilichokuwa karibu, nadhani kilikuwa cha bibi wa benki. Nikamshika mama mkono. Ulikuwa baridi. Tukaanza kutembea kwenye njia ya mawe, na nyuma yetu wageni wakaanza kupiga makofi taratibu, wengine wakilia, wakiulizana kama hafla hii hufanyika kila mwaka.

Tulikuwa tumeshafika kwenye kona ya jiko. Dobi alikuwa amesimama mlangoni, amejiziba mdomo kwa taulo.

Ndipo makofi yakakatika ghafla, na sauti ikasikika. Ilikuwa imekwaruza, kama bawaba ya mlango uliofungwa miaka.

"Madamu."

Tukasimama.

"Madamu, waambie wageni wako marehemu mume wako yuko wapi. Au niwaambie mimi, maana ulinieleza yote siku ile, ukidhani unaongea na mtu asiyejibu."

Mama mkwe akanibana mkono.

"Huyo sasa," akasema, "ndiye mwanangu."

Nikageuka. Fundi alikuwa amesimama, udongo unamdondoka. Wageni wote walikuwa wamekaa midomo wazi, hakuna anayepumua, wala wa pamoja wala wa peke yake. Madamu hakumtazama Fundi. Alitazama lile bwawa kubwa, kisha akamtazama mlinzi.

"Funga mageti yote," akasema. "Asitoke mtu."